Maombi ya kibali cha maji ya mvua kupita

Kwa Mheshimiwa Mkubwa wa Mitaro,
Kibaha na Kisarawe,
Mkoa wa Pwani.

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA MAJI YA MVUA KUPITA

Husika na somo hapo juu. Mimi ni mkazi wa Kibaha, bondeni ukishuka kutoka lami. Naandika kwa niaba ya maji ya mvua, ambayo hayana anwani wala namba ya NIDA, na kwa bahati mbaya hayajui mipaka ya ofisi zenu.

Masika iliyopita yaliingia kwangu saa tisa usiku bila hodi. Asubuhi nikaenda kuulizia ni ya nani. Nikaelimishwa: mtaro wa barabara kuu una ofisi yake, wa mtaani una yake, taka zilizomo mtaroni zina ofisi ya tatu, na maji yakishafika mtoni ni ya bodi ya bonde. Kipande pekee kisicho na mwenyewe ni kile cha sebuleni kwangu. Hicho, kwa uungwana wenu, mmeniachia.

Ndiyo maana naomba maji yawekewe utaratibu. Yakianguka yaripoti kwa mjumbe, yachukue barua kwa mtendaji wa mtaa, yagongewe muhuri, ndipo yateremke. Sisi wananchi hilo tumelizoea, huchukua siku tatu nne hivi. Kufikia hapo jua litakuwa limeshatoka.

Mtaro wenyewe nausifu. Mawe yamepangwa vizuri, saruji haikubaniwa. Unaanzia dukani kwa mangi na kuishia ukutani kwa jirani yangu, mahali ambapo fungu lilimwishia mkandarasi. Tatizo ni kwamba maji hayakupewa taarifa kuwa fedha zimekwisha, yakaendelea na safari.

Nimechunguza pia kalenda. Masika hunyesha Machi hadi Mei. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, ardhi ikiwa kavu na wote tumesahau. Hapo hufuata upembuzi yakinifu, zabuni, na ule mchakato ambao kila nikiuliza naambiwa tupo ndani yake. Kijiko huletwa Machi. Mkandarasi hutazama wingu, husema ardhi imelowa, huondoka. Kwa kuwa mwaka wa fedha ni wa kisheria na haugusiki, napendekeza masika ihamishiwe Agosti.

Shemeji yangu wa Kisarawe hunicheka. Yeye yuko mlimani, maji kwake hupita tu. Yanakopita ndiko kwenye hadithi. Mto Msimbazi huanzia vilimani huko Pugu, hukatiza Gongo la Mboto na Vingunguti, hutua Jangwani. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu wapatao 40. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na kazi kubwa iko chini, Jangwani. Sawa. Lakini juu, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi umekuwa ukigeuka magunia ya mkaa na viwanja. Huko ni kumfuta mtu miguu huku unammwagia ndoo kichwani. Sisi wa Kibaha tusijione wema: maji yetu tunayasukumia Mto Mpiji, na huko nako kuna watu.

Maji hayohayo huja yakaadimika: Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua, tukapewa mgawo wa maji. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akalieleza Bunge kwamba mvua zimeua watu 155 nchini. Miezi 18 tu katikati. Paa la mita za mraba 100, likinyeshewa milimita 50, hutoa lita 5,000, yaani simtanki zima. Tunalitupa kwa jirani alasiri moja, kisha kiangazi tunanunua dumu. Kwa hiyo, kabla ya mtaro mwingine wa kuishia ukutani, naomba shule, zahanati na ofisi zenu zikinge maji ya mapaa yake. Penye mchanga yachimbwe mashimo ya kuyapenyeza ardhini, na mabonde yaliyobaki wazi yasipimwe viwanja. Ofisi yako ina paa kubwa kuliko langu mara kumi, Mheshimiwa, na gata lake linamwaga barabarani. Nimeliona mwenyewe nikiwa kwenye foleni.

Na sisi tuna makosa yetu. Mvua ikinguruma tu, wapo wanaotapisha vyoo mtaroni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, chupa zikarithi nafasi yake. Mimi binafsi nimeziba mtaro mbele ya geti kwa zege na kupitisha bomba la inchi 6 ili bajaji iingie. Hili lisiandikwe kwenye muhtasari.

Ukija kukagua, usije Agosti na wapiga picha. Njoo Aprili, usiku. Gari uliache lami. Gambuti ninazo pea mbili, namba 8 na namba 10. Ya namba 8 mguu wa kushoto inavuja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa bondeni.

Nakala: Maji ya Masika – yasubiri majibu hukohuko juu.