Sifa za Programu Jalizi

Wako wanaomsifu simba, na wako wanaousifu mwezi wa kumi na nne, na sifa hizo hazimgharimu msifu kitu, kwa kuwa msifiwa alikwisha jipatia taadhima yake kabla kalamu haijagusa wino. Ustadi wa msifu hujulikana pale anapokabidhiwa kitu ambacho watu wote wanakilaani. Lucian wa Samosata alimsifu nzi. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliwakalisha bwana wa mbwa na bwana wa jogoo wakashindana kwa hoja kurasa nyingi, kila mmoja akimtetea kiumbe wake, na hapana aliyesema kwamba wino ule ulipotea bure. Kwa idhini ya wazee hao naingia uwanjani na msifiwa wangu, ambaye ni programu jalizi: ile programu ndogo isiyo na makao yake yenyewe, ambayo hupachikwa ndani ya programu ya slaidi ili kuiongezea uwezo ambao walioiunda hawakuuona kuwa ni lazima, na ambayo tangu siku ya kupachikwa aghalabu haionekani, ama huonekana na isifanye kazi, ama hufanya kazi vizuri sana mpaka siku ya mkutano.

Desturi ya sifa ni kuanza na nasaba, na nasaba ya msifiwa wangu si ya kuonewa haya. PowerPoint, mama wa slaidi zote zinazotukalisha vitini leo, ilitoka mwaka 1987, kazi ya Robert Gaskins na Dennis Austin katika kampuni ndogo ya Forethought huko California. Ilikuwa ya kompyuta za Macintosh tu, tena ya nyeusi na nyeupe, na mwaka huo huo Microsoft ikainunua kampuni nzima kwa dola milioni 14. Baadaye mlango ukafunguliwa, wageni wakaingia na zana zao, huyu na chati, yule na kura za papo kwa papo, mwingine na ramani. Wageni hao walipewa hata heshima ambayo wenyeji hawana: makro iitwayo Auto_Open hujiendesha yenyewe ikiwa ndani ya programu jalizi, ilhali ikiwekwa katika wasilisho la kawaida hulala fofofo. Na mtu asidhani kuwa mambo haya ni ya Wazungu peke yao, kwani mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, furushi la programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na ya slaidi ikiwamo. Kwa hiyo uwezo wa kukwama kwa lugha yetu wenyewe tunao kwa zaidi ya miaka ishirini.

Baada ya nasaba huja makao. Mimi naandika kutoka Urambo, magharibi ya Tabora, kwenye reli iendayo Kigoma, na sidhani kama iko nchi inayomstahili msifiwa wangu kuliko hii. Jina lake ni la mtemi Mirambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara baina ya Unyanyembe, ndiko Tabora, na Ujiji. Waarabu wa Tabora wakamwendea kwa bunduki, na Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akafuatana nao, wakashindwa, na huyo Stanley ikambidi azunguke kusini kwa njia ya Ukonongo ndipo afike Ziwa Tanganyika. Ugomvi wao ulikuwa na mengi ndani yake, na mojawapo ni hongo. Si hongo ya siku hizi ipitayo chini ya meza, bali ile ya kale, iliyotolewa mchana kweupe, ambayo kila msafara ulimlipa mtemi kwa doti za merikani na kaniki, kwa shanga na kwa masango, kabla ya kuachiwa uchote maji na kuendelea. Wasafiri wa Kizungu wamejaza vitabu kwa kuilalamikia. Wanasema walicheleweshwa, walinyang'anywa, walidharauliwa; na ukiwasoma utadhani nchi yote kutoka pwani mpaka Tanganyika ilikuwa uwazi mtupu ambao haki yake pekee ni kupitwa upesi. Hawakuhesabu kwamba pasingekuwa na hongo wasingeuliza hata jina la mwenye nchi, wala wasingefungua mizigo yao wakajua walichokibeba. Mwaka 1876, baada ya kukaa na kuzungumza, Stanley yule yule alichanjiana udugu na Mirambo.

Programu jalizi ni mtemi wa namna hiyo katika njia ya mhutubu. Mtu ameipakua usiku, kalala akiwa na furaha, na asubuhi anafungua slaidi zake mbele ya wakubwa hali amekwisha tangaza kwamba leo wataona jambo jipya. Na hapo ndipo anaposimamishwa njiani. Windows hulitia kila faili lililotoka kwenye intaneti alama isiyoonekana ya kuwa ni geni, na tangu mwaka 2022 Microsoft huzizuia makro za mafaili ya namna hiyo, hivyo faili lipo, jina lake linasomeka, lakini ni bubu, mpaka mwenyewe alibofye kwa kitufe cha kulia, azifungue sifa zake, na chini kabisa, mahali ambapo jicho la mwenye haraka halifiki, aweke tiki katika kisanduku cha kuliondolea kizuizi. Akiisha kulipa hayo hudaiwa mengine. Tangu toleo la 2010 Ofisi ya Microsoft huja kwa sura mbili, ya biti 32 na ya biti 64, na programu jalizi ya zamani iliyozoea kuiomba Windows msaada moja kwa moja, ikitiwa katika sura ya pili, hutoa ujumbe kwamba iko hitilafu katika moduli iliyofichwa. Kwa insafu, sijapata kusoma ujumbe wa kompyuta ulio wa kweli kuliko huo: hitilafu ipo, nayo imefichwa. Dawa yake yajulikana. Ni neno moja, PtrSafe, linaloongezwa katika kila tamko la kuomba msaada, na kwa kawaida kurekebisha kidogo aina za vigezo. Ila wa kuliongeza hana budi awe na ufunguo wa moduli, na mwenye ufunguo ni mtu wa mbali ambaye aliiunda programu hiyo zamani, akaigawa bure, akaenda zake kutafuta riziki.

Lakini adabu yake iliyo bora ni namna inavyojiuzulu. Programu jalizi za aina iitwayo COM zina tarakimu moja katika sajili ya Windows, iitwayo LoadBehavior: ikiwa 3, programu jalizi hupakiwa kila PowerPoint inapofunguliwa, ikishindwa kupakiwa, tarakimu hushuka ikawa 2, na hushuka kimya, bila barua, bila mkutano wa waandishi wa habari. Ikiwa imemwangusha mwenyeji wake, basi huhamishiwa orodha ya vilivyozimwa, ambayo si ile orodha mtu aliyoizoea, kwa hiyo maskini huyo huweka tiki leo, na kesho akaikuta haipo, na keshokutwa akaiweka tena. Nawauliza wasomaji wangu: ni watumishi wangapi wa umma mnaowajua ambao, wakishindwa kazi mara moja, hujishusha cheo wenyewe?

Wenye haraka huzunguka kwa njia ya Ukonongo. Huzigeuza slaidi zao kuwa PDF, wakafika salama, na hapana aliyewakumbuka.

Sasa nieleze lililotokea hapa kwetu kiangazi kimoja, wakati wa masoko ya tumbaku, katika mkutano wa chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja. Katibu, mtu mwema aliyechoshwa na hotuba, aliamua kwamba kila msemaji apewe dakika kumi, na ili jambo hilo lisilete uso mkavu baina ya watu alitafuta programu jalizi ya kuchora saa katika pembe ya slaidi, saa inayohesabu dakika kurudi nyuma na kugonga kengele zikiisha. Viti vya plastiki vikapangwa, shuka jeupe likatundikwa ukutani, projekta ikawashwa, mgeni rasmi akafika na maji yake ya chupa mbele yake, lakini saa haikutokea. Akaitwa kijana anayejua kompyuta, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hakai meza ya mbele wala hakuwa na sababu ya kuiota. Akaketi pale palipokuwa pa mwenyekiti, akashikilia kitufe cha Ctrl huku akifungua programu, ikafunguka katika hali salama, safi, nyepesi, bila mgeni yeyote ndani yake. Slaidi zote zikaonekana. Wangeweza kuanza hapo. Katibu akasema hapana, bila saa hatuanzi.

Kijana akarudi kwenye menyu, akaingia katika chaguo, akashuka mpaka orodha ya programu jalizi, akateremka tena mpaka kile kisanduku kidogo cha chini cha kuchagua aina, na yote hayo yakionekana makubwa juu ya shuka, kiasi kwamba ukumbi mzima ulikuwa ukisoma pamoja naye. Mzee mmoja wa safu ya pili, ambaye mabani yake ya kukaushia tumbaku yanajulikana, akainua mkono. "Mwanangu," akasema, "wakati unaitafuta hiyo saa, naomba niwaulize wakubwa hawa: robota langu mteuzi alilipa daraja la juu, nikaja kulipwa la chini. Lilibadilika likiwa njiani?" Hapakuwa na utaratibu wa kulizuia swali hilo, kwa kuwa ajenda ilikuwa ndani ya slaidi, na slaidi zilikuwa zimefungwa. Likajibiwa. Likaja la kuni za kukaushia tumbaku ya mvuke, na nani apande miti. Likaja la makisio, na la pembejeo zilizochelewa. Mama mmoja akasimama akataja tarehe aliyoahidiwa malipo, na nani aliyemwahidi, na alivaa nini. Mgeni rasmi, ambaye hotuba yake ilikuwa imepigwa chapa na kufungwa ndani ya jalada, akajikuta anajibu kwa maneno yake mwenyewe, na wallahi hayakuwa mabaya.

Saa ikaja ghafula. Ilitokea katika pembe, nyekundu, dakika kumi kamili, ikaanza kushuka, na ikadhihirika kwamba kijana alikuwa amempata mtemi lakini hakuwa amepata njia ya kumwamuru asimame. Mgeni rasmi akafungua jalada, akaanza kuwataja waheshimiwa waliohudhuria kwa vyeo vyao, akarudi nyuma kumtaja aliyesahauliwa, akasema itifaki imezingatiwa, akatoa salamu za ngazi za juu, akawashukuru akina mama kwa ngoma yao, na alipotamka maneno "nianze sasa kwa kusema" kengele ikagonga. Akatazama ukuta, akatazama jalada, akaketi. Makofi yaliyopigwa sijayasikia tena tangu siku hiyo.

Najua wapinzani wa msifiwa wangu watasema huo ni upotevu wa wakati na mali. Nao nawakumbusha kwamba Urambo tunaujua upotevu kwa kipimo chake. Hapa, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ndipo serikali ya Uingereza, katika mpango ulioanza mwaka 1947, ilipojaribu kulima karanga kwa mashine, na kati ya matrekta yake yalikuwamo yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Kufika mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni zaidi ya milioni 30 zilikuwa zimekwenda. Kosa la wale mabwana halikuwa uvivu, kwani walifanya kazi kwa bidii ya kutisha. Ni kwamba hapakuwa na kitu njiani cha kuwasimamisha: walikwenda mbio kabla ya kufanya majaribio madogo ya kutosha, bila kuuliza vya kutosha udongo wanaoulima, wala mvua, wala wenyeji. Hawakulipa hongo kwa mtu yeyote wala kwa kitu chochote, mpaka nchi yenyewe ikaidai yote kwa siku moja. Laiti matrekta yale yangekuwa na moduli iliyofichwa, yakakataa kuwaka bandarini, katibu mmoja angelikasirika na hazina ya Uingereza ingelisalimika. Tumbaku, iliyokuja baadaye katika nchi hiyo hiyo, ni ya watu wanaoipanda kwa mikono na kuikausha kwa macho yao, na ina aibu zake, lakini ipo.

Nasikia kwamba wakati wa mtemi wangu unapita. Tangu toleo la 2013 la Ofisi imekuja aina mpya ya programu jalizi isiyokaa kabisa ndani ya kompyuta. Ni ukurasa wa intaneti unaochungulia ndani ya dirisha la slaidi, na kinachowekwa ni faili dogo tu la kuueleza mahali ulipo. Haina biti 32 wala 64, haina kisanduku cha kizuizi, na mafundi wanaisifu kwa hayo. Mimi pia naisifu, kwa sababu nyingine: bando likiisha, haipo, mvua ikipiga mnara, haipo, umeme ukikatika, wala haina haja ya kutoa udhuru. Ya kale ililipwa hongo yake mara moja, ikaridhika kwa muda; hii inadai kila siku, na kwa hiyo mazungumzo ya ukumbini yatazidi.

Kijana wa siku ile sasa huitwa na ofisi nyingine, hulipiwa nauli, hupewa chai kabla ya kuulizwa shida, na huketi meza ya mbele. Katibu amemwomba aziandike hatua zote katika karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, ili kila mtu aweze kuifanya kazi hiyo bila kumsumbua. Amekubali kwa moyo mkunjufu, tangu masika, na anasema bado anatafuta kalamu.