Jinsi ya Kulipa kwa Noti Katika Mji wa Lipa Namba

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye mfukoni ana noti ya shilingi 10,000, mpya, tembo wake bado hajakunjamana, na mbele yake amesimama mhudumu anayemwambia: "Samahani kaka, hatupokei keshi. Labda simu au kadi." Zamani mwenye keshi ndiye aliyekuwa mteja wa mbele. Siku hizi kuna maduka Dar es Salaam ambako anatazamwa kana kwamba amekuja na kuku wa kubadilishana na chumvi.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu Tanzania mwaka 2008, hela ya mama kijijini haisafiri tena kwenye bahasha ya dereva wa basi, ikiombewa dua njia nzima. LUKU ikikata saa sita usiku, umeme unarudi ukiwa kitandani. Hayo ni maendeleo na nayapenda. Ninachokitetea ni uhuru wa kuchagua. Noti ndiyo njia pekee ya kulipa ambayo haihitaji chaji, laini, kampuni wala ruhusa ya mtu wa tatu, na tukiacha kuitumia, siku moja tutaihitaji tukute droo za kaunta zimeshaondolewa. Kwa hiyo fuata hatua hizi, na uzifuate kwa moyo mkunjufu.

Hatua ya kwanza: tafuta chenji kabla chenji haijakutafuta

Keshi huuawa na chenji kabla kadi haijafika. Unampa mama wa vitumbua noti ya 10,000, wekundu wa Msimbazi, saa kumi na mbili asubuhi, ununue vitumbua vya buku, halafu unashangaa akikutajia lipa namba. Kosa ni lako. Noti kubwa huvunjwa sheli au dukani kwa mangi unaponunua vitu vya maana, tena jioni ya kuamkia siku yenyewe.

Ukitaka kujifunza sanaa hii, kaa siti ya mlangoni kwenye daladala na umtazame konda. Noti kazikunja kwa urefu, kazibana katikati ya vidole: buku zake pamoja, buku mbili zake pamoja, ya elfu tano peke yake. Sarafu ziko kiganjani, na anazigonga kumwambia dereva asimame. Abiria wa nyuma anatoa buku mbili, anawalipia watu wawili, mmoja mwanafunzi, na chenji inarudi kwa kupokezana mikono ya abiria wasiojuana, haipotei hata shilingi hamsini. Hakuna aliyeingiza namba ya siri. Mfumo ule unaendeshwa na uaminifu na hesabu za kichwa, na unakwenda hata kwenye foleni ya Ubungo bila mtandao.

Wewe nawe uwe na mfuko mmoja wa sarafu. Jero imekuwa sarafu tangu mwaka 2014, kwa hiyo mfuko utakuwa mzito kidogo, vumilia. Na mwenye duka akikurudishia pipi badala ya shilingi mia, mwambie kwa upole, "Mangi, nidai au nikudai, pipi sili." Mtadaiana hadi kesho, na kudaiana na mangi ni njia mojawapo ya kuwa jirani.

Hatua ya pili: ipe kila noti kazi yake

Mwezi ukianza, toa hela ya matumizi na uigawe kwenye bahasha: soko, nauli, gesi, sadaka, dharura. Bahasha ya soko ikibaki na buku mbili na mwezi una siku tano mbele, huhitaji programu ya kukuonya. Utajikuta unanunua dagaa badala ya kuku kabla mtu hajakushauri.

Hili lina ushahidi wake. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa MIT, Marekani, walichapisha utafiti ambamo watu waliwekewa mnada wa tiketi za mpira wa kikapu. Walioambiwa kwamba watalipa kwa kadi walitaja bei za juu kuliko walioambiwa watalipa keshi, kiasi cha kufika maradufu. Tiketi zilikuwa zile zile, kilichobadilika ni mkono wa kulipia. Noti inapotoka unaiona ikiondoka, unaona na pochi ilivyopungua. Kadi hutoka ikarudi ilivyo, nene vile vile, na wewe unarudi nyumbani ukidhani hujatumia.

Hatua ya tatu: jibu vizuri ukiambiwa "hatupokei keshi"

Uliza kabla hujaagiza, maana ukishakula ugomvi unakuwa wenu wote wawili. Usimfokee mhudumu. Yeye ameajiriwa, na pengine hata mshahara wake angependa alipwe mkononi. Sema hivi: "Dada, naelewa si uamuzi wako. Naomba unisaidie kumwambia meneja kwamba leo mteja wa keshi alikuja, alikuwa na njaa, na ameondoka na hela yake." Halafu kweli uondoke. Uende kwa mama ntilie wa jirani, ulipe noti, upate wali maharage na mchicha wa ziada kwa kuwa umempa hela isiyokuwa na makato.

Kumbuka unachokitetea. Noti ya Benki Kuu ni fedha halali ya nchi. Duka linaloikataa linamfungia mlango mwenye noti, yaani karibu kila mtu aliyeko barabarani.

Hatua ya nne: hesabu makato kwa sauti

Chukua noti ya 10,000. Muuza nyanya anampa fundi cherehani, fundi anamlipa mwalimu wa twisheni, mwalimu ananunua mchele, mwenye mchele anamlipa kuli. Wamepita watu watano, na noti bado ni 10,000. Sasa fanya safari hiyo hiyo kwa simu. Kila hela inapovuka kwenda mtandao mwingine, kila inapotolewa kwa wakala, kuna kidogo kinachobaki njiani. Ndiyo maana Mtanzania akiombwa hela huulizwa na swali la pili: "Umeweka na ya kutolea?"

Na wanaokumbuka Julai 15, 2021 wanajua kwamba makato yanaweza kupata mwenzake. Siku hiyo tozo ya miamala ya simu ilianza, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, juu ya gharama za kampuni. Kelele zilikuwa kubwa, na Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kupunguzwa miaka iliyofuata. Kipindi kile watu wengi walirudi kwenye noti bila kuitisha mkutano. Waliweza kwa sababu noti ilikuwepo pa kurudia. Njia ya pili ikiwepo, mwenye njia ya kwanza hupanga bei kwa adabu.

Hatua ya tano: mlipe bodaboda mkononi

Hii nawaandikia hasa dada zangu. Ukimtumia bodaboda nauli kwenye namba yake binafsi, umempa shilingi elfu mbili, na juu yake umempa namba yako ya simu na jina lako kamili kama ulivyosajili. Tayari anajua unakoishi, kwa kuwa amekushusha getini. Wengi wao ni waungwana na hawatafanya lolote. Lakini wanawake wengi wanaijua ile meseji ya saa nne usiku: "Mambo, ni mimi wa pikipiki ya jana." Noti haimwachii mtu namba yako. Inalipa deni, inanyamaza, na kila mmoja anakwenda zake.

Faragha hiyo si ya wenye mambo ya kuficha peke yao. Mtu ana haki ya kununua dawa, kumsaidia ndugu aliyeharibikiwa au kuweka kitu kwenye kapu la sadaka bila jambo hilo kubaki kwenye kumbukumbu za kampuni fulani miaka nenda rudi.

Hatua ya sita: jiandae kwa siku mtandao utakapolala

Mei 12, 2024 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari ziliharibika, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa na hali ikachukua siku kadhaa kabla ya kurejea. Kila programu ya simu inayotegemea intaneti ilikuwa picha tu kwenye kioo. Siku za namna hiyo, unga unanunuliwa na mwenye noti.

Usidhani haya ni ya kwetu tu. Aprili 28, 2025 umeme ulikatika Hispania na Ureno kwa wakati mmoja, na mashine za kadi zikakatika nao. Uswidi, nchi iliyokaribia kabisa kuzika noti, ilisambaza majumbani mwaka 2024 kijitabu cha maandalizi ya hali ya hatari, na sehemu ya ushauri wake ni kwamba watu wawe na pesa taslimu nyumbani. Wao walikwenda mbali na sasa wanarudi kuzikumbatia noti. Sisi tusitupe tulichonacho ili tuje tukitafute.

Weka nyumbani hela ya chakula, maji na nauli ya wiki moja, kwa noti ndogo ndogo. Siku ya dharura hakuna mwenye chenji ya wekundu.

Hatua ya saba: zilinde noti zako

Usizibebe zote. Hela ya leo iwe mfukoni, ya wiki iwe nyumbani, inayobaki iwe benki. Bibi zetu walifunga hela kwenye pindo la kanga, na mwizi wa kulifungua fundo lile bila mwenyewe kujua hajazaliwa.

Jifunze kuikagua noti. Ipapase, maana karatasi yake ina mikwaruzo ambayo mashine ya kawaida ya kuchapishia haiwezi kuitoa. Iinue kwenye mwanga, sura ya Mwalimu Nyerere itajitokeza ndani ya karatasi. Na usizizike hela kwenye kibubu ukazisahau: Benki Kuu ilitoa muda wa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 kubadilisha noti zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, na baada ya hapo zikaacha kuwa fedha halali. Noti inataka kutembea.

Kwa upande wa wezi, kila njia ina wake. Kibubu kinaweza kuibiwa na aliyeingia chumbani. Simu inaweza kuibiwa na mtu aliye mkoa mwingine kwa meseji moja: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hadi leo hakuna aliyepeleka meseji hiyo kwa kibubu akajibiwa.

Hatua ya nane: ujue pa kuiacha noti

Mshabiki mzuri wa keshi hana ubishi wa bure. Hela ya kwenda mbali itume kwa simu. Malipo ya serikali yenye namba ya kumbukumbu yalipe kwa namba hiyo, maana risiti yake haipotei na hakuna karani wa kukuomba ya soda. Ada ya shule ipitie benki. Kununua kiwanja kwa fuko la noti ni kuwaalika majambazi na mashaka. Noti ni ya maisha ya karibu: soko, nauli, genge, kinyozi, fundi, sadaka, mtoto anayetumwa dukani.

Huyo mtoto tumwangalie vizuri. Unampa buku, unamwambia alete sukari robo na kiberiti, na chenji aihesabu mbele ya mangi. Anarudi mbio, sarafu zimelowa jasho kiganjani, anakupangia moja moja mezani. Pale amejifunza kutoa, kuaminiwa na kuwajibika. Ukilipa kwa simu ukamtuma tu akachukue mzigo, amejifunza kubeba.

Hatua ya mwisho: lipa kwa niaba ya asiye na njia nyingine

Tangu Januari 20, 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na usajili huo unadai kitambulisho au namba ya NIDA. Asiyekuwa nayo hana laini kwa jina lake, na asiye na laini hana pochi ya simu. Ongeza mzee ambaye macho hayaoni tarakimu za kwenye kioo na humpa mjukuu namba yake ya siri ili amsomee salio. Ongeza kibarua ambaye simu yake imeharibika na hana ya kununulia nyingine. Hawa wote wana noti. Kila kaunta inayofunga droo inawafungia wao, tena kimya kimya, kwa kuwa si wao wanaoulizwa maoni.

Kwa hiyo unapolipa keshi mahali ambapo ungeweza kulipa kwa kadi, unamwekea mwingine mlango wazi. Mwenye duka akiona noti zinaingia kila siku, ataendelea kuweka chenji. Akiacha kuziona, ataacha kuziweka, na hatatoa tangazo.

Basi waambie wenye migahawa, wenye maduka makubwa, wasimamizi wa vivuko na vituo vya mabasi, na umwambie diwani wako akija kuomba kura: kadi karibu, simu karibu, na noti ipokelewe vilevile, kila siku, kwa kila mtu, na chenji irudi kamili.