Barua ya Wazi kwa Wenye Ndege za Bei Nafuu

Garbatulla,
Kaunti ya Isiolo.

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Mizigo ya Mkononi,
Shirika la Ndege za Bei Nafuu
(jina tunalisitiri, maana mko wengi na tabia yenu ni moja).

YAH: BEGI LA KILO 7

Mheshimiwa,

Pokea salamu zetu kutoka Garbatulla. Kwa bahati nzuri salamu hazina uzito. Zingekuwa nao, tungezilipia langoni kabla hazijakufikia.

Tuanze na pongezi, maana si adabu kumlaumu mtu kabla ya kumshukuru. Kabla yenu, ndege huku kwetu ilikuwa ya wabunge, wataalamu wa miradi na wagonjwa mahututi. Sisi wengine tuliikodolea macho tu mpaka ikapotea mawinguni. Jambojet iliporuka kwa mara ya kwanza tarehe 1 Aprili 2014, wapo waliodhani ni utani wa siku ya wajinga. Haukuwa utani. Nauli zilishuka kweli, na mtu ambaye hakuwahi kuota kuiona Mombasa kutoka juu akaiona. Zikaja na ndege za bei nafuu za Ghuba, na mabinti zetu wanaokwenda kutafuta riziki Dubai wakaanza kujilinganishia bei wenyewe kwenye simu. Hayo yote tunayakiri mbele ya mashahidi. Ugomvi wetu unaanzia baada ya nauli.

Tangazo lenu lina tarakimu kubwa na kinyota kidogo. Tarakimu ni nauli. Kinyota ndicho kinachokula pesa. Ukikifuata kwa subira, ukurasa hadi ukurasa, unaambiwa nauli ile ni ya mwili wako, nguo ulizovaa, na begi moja la mkononi la kilo 7. Vipimo vya begi vimeandikwa kwa sentimita, upana, urefu na kina, kana kwamba kila boma la hapa lina fundi cherehani. Mizani tunazo, zile za kupimia sukari dukani, na ndizo tulizotumia. Hapo ndipo tulipogundua kwamba sanduku la magurudumu, likiwa tupu kabisa, limeshajichukulia karibu kilo 3. Magurudumu, zipu na mpini wamehesabiwa kuwa abiria. Zinabaki kilo 4 za binadamu. Na ukiamua kubeba mfuko wa sandarusi wa miraba, ambao hauna uzito wowote wa kutaja, kaunta yenu inakutazama kama mtu aliyekuja na mbuzi.

Lakini hata kilo zenyewe si kiini cha barua hii. Kiini ni kwamba kanuni yenu imeandikwa kwa ajili ya mtu anayesafiri na vitu vyake. Mtu wa namna hiyo huku hatunaye.

Mtu wa Garbatulla akikata tiketi, habari inafika sokoni kabla ujumbe wa uthibitisho haujafika kwenye simu yake. Jioni hiyo hiyo wanaanza kuingia. Mama mmoja ana binti Dubai, hajamwona tangu aondoke, ameleta nyirinyiri. Jirani yake ameleta madera mawili na ubani. Mjomba wa mtu ameleta bahasha ya kaki yenye vyeti vya shule, kwa sababu mwajiri wa mpwa wake amevidai na posta haiaminiki. Mzee mwingine, ambaye mwanawe anaoa huko huko, ametuma fimbo. Tukiuliza fimbo inapimwa kwa sentimita zipi, wenzetu wanacheka, lakini swali liko palepale. Msafiri mwenyewe, ambaye ndiye aliyelipa nauli, anatafutiwa nafasi ya mswaki wake mwishoni.

Kukataa haiwezekani. Anayesafiri leo, jana alikula cha mwenzake. Nauli ya kufika uwanja wa ndege ilichangwa na hao hao waliokuja na vifurushi. Wewe unaona begi. Sisi tunaona daftari la madeni likiwa na zipu.

Basi fikiria, Mheshimiwa, masaibu ya mtu huyu anapofika kaunta na kuulizwa: Je, begi hili umelipanga mwenyewe? Je, kuna mtu yeyote aliyekupa kitu umbebee? Mkweli wa Garbatulla akijibu maswali hayo kikamilifu, ndege itaondoka bila yeye. Atahitaji kuanza na mama wa nyirinyiri, aeleze uhusiano wao, ukoo wa baba, aliyeolewa na nani, ndipo afike kwenye dera. Mwongo hujibu kwa neno moja na kupita. Hivyo mmetufundisha kusema uongo mfupi kwa heshima ya foleni.

Tuseme ukweli, swali lenyewe lina maana yake. Miraa inalimwa hapo jirani, kwenye milima ya Nyambene. Nchini Kenya ni biashara halali, lakini Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na katika Falme za Kiarabu inahesabiwa dawa ya kulevya. Kifurushi kimoja cha hisani kinaweza kumpeleka binti wa watu gerezani. Ndiyo maana huku mzigo wa kutumwa hufunguliwa mkekani, mbele ya aliyeutuma, kitu kimoja kimoja, na kifurushi kilichoshonwa hakipokelewi hata kikiletwa na shehe. Ukaguzi huo ni mkali kuliko wenu, na haujawahi kututoza hata senti.

Turudi kwa nyirinyiri, maana ndiyo iliyotuletea fedheha kubwa. Kwa faida yako: ni nyama ya ng'ombe au ngamia iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa mpaka maji yote yakaisha, kisha ikazamishwa ndani ya samli. Hukaa miezi bila friji. Chakula hiki kilibuniwa kwa ajili ya safari, karne nyingi kabla mtu hajafikiria kiti kisichoegemea nyuma. Na swali linaloulizwa kwenye mashine ya ukaguzi ni moja: hiki ni kigumu au ni majimaji?

Jibu linategemea saa. Samli huyeyuka joto likipita nyuzi 30 na kitu. Mchana wa Garbatulla ni majimaji, hilo halina ubishi. Ndani ya basi la usiku kuelekea Nairobi inaanza kuganda. Alfajiri ya Nairobi imekuwa kipande kizima, unaweza kuikata kwa kisu, kama kisu kingeruhusiwa. Kwa hiyo msafiri amefika na kitu kigumu kabisa, akaambiwa ni majimaji kwa kuwa kinaweza kuwa majimaji. Kwa kanuni hiyo hata barafu ni maji na hata mtu ni marehemu.

Hapa sitaki kukuonea. Kikomo cha mililita 100 si chenu. Kilitokana na njama iliyogunduliwa Uingereza mwezi Agosti 2006, ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji, na wanaokisimamia ni watu wa usalama wa uwanja. Tena huko kilikoanzia kimeanza kulegezwa: kwenye uwanja wa Edinburgh, kwa sababu ya mashine mpya za kupiga picha mizigo, tangu 2025 abiria anapita na chupa ya hadi lita 2. Mskoti anaweza kupanda ndege na lita 2 za maziwa ya ngamia. Tatizo lake ni kupata ngamia.

Chenu, Mheshimiwa, ni kilo na sentimita, na kile kizimba cha chuma mlichokisimamisha langoni. Tunasema langoni kwa makusudi. Kwenye kaunta msafiri bado ana njia: ndugu zake hawajaondoka, anaweza kuwarudishia dera moja. Langoni amekwisha kuagana, pasipoti imegongwa muhuri, hana pa kurudi. Hapo ndipo begi linapotumbukizwa kizimbani, na ada ya hapo ni kubwa kuliko ile ambayo angelipa mapema kwenye mtandao. Begi ni lile lile, ndege ni ile ile, mafuta yatakayochomwa ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba mtu amebanwa.

Na msidhani tunaogopa malango. Wazee wetu wa miaka ya 1960, wakati wa vita vya Shifta, walikusanywa hapa Garbatulla kambini, wakatoka na kuingia kwa ruhusa ya askari, na mifugo yao ikaangamia. Aliyepitia lango lile hatishiki na lenu. Anachouliza ni bei tu, na kwa nini hakuambiwa mapema.

Sisi si watu wa kutaka cha bure. Lori linalokwenda Isiolo kupitia Kulamawe lina tanboi, na tanboi huyo hatoi sadaka. Anatazama gunia lako mara moja, anataja bei, unalia, anapunguza, unapanda. Mizani yake ni macho na kipimo chake ni uso wako, na ana dhuluma zake. Lakini hajawahi kukungoja mpaka lori lifike katikati ya nyika ndipo akutajie bei ya gunia.

Tulidhani labda ni sisi tu, watu wa pembezoni, tusiojua kusafiri. Kumbe Wazungu nao wanalia. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyoihusu Vueling ya Uhispania, ilisema kwamba mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya kumsafirisha abiria, na ukiwa na uzito na ukubwa wa kiasi, haufai kutozwa nyongeza. Novemba 2024 serikali ya Uhispania ikayapiga mashirika matano, Ryanair na easyJet yakiwamo, faini ya jumla ya yuro milioni 179 kwa mambo kama hayo ya mabegi. Mashirika yakaenda kupinga. Ryanair nayo mwaka 2025 ikatangaza mawili kwa pamoja: begi dogo la bure litaongezwa kidogo hadi sentimita 40 kwa 30 kwa 20, na mfanyakazi atakayekamata begi lililozidi atapata bahashishi ya yuro 2.50 badala ya 1.50. Mkono mmoja unapanua begi, mwingine unampa mlinzi sababu ya kulikamata. Tunaomba mpango huo usivuke bahari ya Mediterania. Tunao askari wa barabarani wa kutosha.

Utatuambia tutumie uwanja wetu. Ni kweli, Isiolo tuna uwanja wa ndege wa kimataifa, wenye jengo la abiria lililofunguliwa 2017 na njia ya kurukia ya kilomita 1.4, sehemu ya ndoto ya kuifanya Isiolo mji wa kitalii. Safari za ratiba zimekuja na kutoweka, na msafiri wetu wa Dubai anaupita akiwa ndani ya basi. Hata hivyo tunausifu. Hakuna uwanja wenye huruma zaidi kwa mizigo ya mkononi: begi letu halijawahi kukataliwa pale.

Kuna jambo moja la siri ambalo nalitoa kwa kuwa mama zangu wameniruhusu. Dera, Mheshimiwa, halina kipimo. Kanuni zenu zinapima kila kitu isipokuwa nguo zilizovaliwa, na mwanamke wa Garbatulla anaweza kupanda ndege akiwa na madera matatu, sweta mbili, bahasha ya vyeti mgongoni na ubani kifuani, akiwa amezidi uzito wa begi lililokataliwa, na ofisa wenu akamtakia safari njema. Uzito ule ule mliosema utaigharimu ndege umepanda kwa miguu yake wenyewe. Ndipo tulipojua kwamba suala halikuwa uzito.

Tunachoomba si kingi. Mizani ya kaunta na mizani ya lango ziseme lugha moja, na begi lililopita ya kwanza lisikamatwe na ya pili. Familia inayosafiri pamoja ijumlishiwe kilo zake, ili mama mwenye mtoto asionekane mhalifu kwa begi la kilo 9 wakati la mtoto lina 3. Asiwepo mfanyakazi anayelipwa kwa begi analolikamata. Zaidi ya yote, kinyota kiondoke. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mlaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike na huduma anayoinunua, na sisi hatuoni jinsi maelezo hayo yanavyoweza kukaa chini ya kinyota kwa herufi za kusomwa na siafu.

Andikeni bei moja kwenye tangazo: mtu, begi lake, na vya watu alivyotumwa, mpaka Dubai. Iwe kubwa, sawa. Tutaisoma tukiwa bado Garbatulla, tutachanga, na tutaamua wenyewe kama tunapanda au tunabaki. Tunasubiri jibu kwa maandishi.

Ni mimi,
Msafiri wa Garbatulla,
kwa niaba ya wenye begi.