Sifa za Uchafu wa Hadharani Mkoani Singida

Uchafu wa hadharani ni tabia ya mtu mzima mwenye akili timamu kuyaacha nyumbani mafunzo yote ya mama yake pindi anapokanyaga stendi, sokoni au ndani ya basi. Chini ya jina hilo huingia mwili usioogeshwa, kikohozi kisichozibwa, kohozi linalotua karibu na kiatu cha jirani, mfupa unaorushwa dirishani, foleni inayorukwa na simu inayopigiwa kelele kama ng'ombe aliyepotea malishoni. Mkoani Singida tabia hii haijazidi ya mikoa mingine, ila mazingira yameipa heshima ya pekee, na mpaka sasa haijapata msifu wake. Walioishughulikia kwa muda mrefu ni mabwana afya, ambao kwa ajira yao hawawezi kuaminiwa kuihukumu bila upendeleo.

Jambo la kwanza linalostahili kusifiwa ni kwamba uchafu huu ni wa umma hasa, wala hauna ubinafsi. Katika vijiji vya Ikungi, Iramba na Mkalama uwanja wa nyumba hufagiliwa alfajiri, mgeni huvua viatu mlangoni, na mtoto anayepangusa kamasi kwa mkono wa shati hukemewa mbele ya watu. Mwenye uwanja huohuo, akifika mjini saa nne asubuhi, hutema mate njiani bila hata kugeuza shingo. Kwa hiyo wanaodai kwamba mchafu hajui usafi wanamsingizia. Anaujua vizuri, ila ameamua kuutunza nyumbani usichakae, na kwa wenzake amewaletea kilichobaki. Mali ya umma haina mwenyewe, na hakuna anayelionyesha hilo waziwazi kuliko yeye.

Sifa ya pili ni ubanaji wa matumizi. Singida ni mkoa mkavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 500 hadi 800. Baada ya hapo ni miezi ya vumbi na upepo. Katika nchi ya namna hiyo mtu asiyeoga siku nne ameiachia jamii ndoo nne za maji, naye hadai shukrani. Kuna wanaoipinga hoja hii kwa kuonyesha kibuyu chirizi, lile dumu dogo linaloning'inizwa kwa kamba na kuinamishwa kwa mguu, ambalo hunawisha mikono ya watu wengi kwa maji kidogo tu. Huongeza kwamba akina mama wanaofuata maji mbali mara nyingi ndio wanaofika kliniki na watoto waliooga na kupakwa mafuta, ilhali wapo wenye bomba uani wanaonuka kutoka mbali. Msifu makini hupita hapa haraka.

Makao makuu ya tabia hii ni basi. Mji wa Singida uko kiasi cha kilomita 700 kutoka Dar es Salaam, mahali njia zinapogawanyika: moja hushuka mlima Sekenke kwenda Igunga, Nzega na Mwanza, nyingine huelekea Katesh, Babati na Arusha. Watu wa kanda zote hukutana hapo, na kila mmoja huja na chake. Abiria aliyekosa kiti husimama ameinua mkono, ameshika bomba la juu, na kikwapa chake huwa sawia na pua ya aliyekaa. Akitokea mtu akafungua dirisha, mwingine hulifunga kwa hofu ya vumbi, na ushirika unaendelea. Elimu hii ya kuvumiliana hutolewa bure, kwa muda wa saa kumi na zaidi, bila kujali dini, kabila wala nauli.

Kisha basi husimama, na kuku wa kienyeji, fahari ya Singida, hupandishwa madirishani akiwa amechemshwa au kukaangwa. Mkono unaompokea umeshika noti iliyokwisha kupita kwenye viganja visivyohesabika, umeshika bomba la basi, na pengine umetembelea pua. Maji ya kunawa hayapo, na yakiwepo abiria hana subira nayo. Hata kwa mama lishe, ambako maji yapo, beseni moja huweza kuhudumia meza nzima, na wa mwisho kunawa ndiye anayefaidi michango ya wote waliomtangulia. Mifupa hutoka kwa njia ileile ya dirisha alikoingilia kuku, ikifuatwa na chupa ya maji na mfuko wa juisi. Ndani ya basi hubaki pasafi, jambo ambalo wakosoaji hawalitaji kamwe.

Mbele ya safari huja kuchimba dawa. Mamlaka za usafiri zimekwisha kukataza mabasi kusimama porini kwa shughuli hiyo na kuyaagiza yasimame penye vyoo. Lakini choo kina mlango, kina foleni, na mara nyingi kina mtu mlangoni anayedai shilingi mia mbili au tatu. Kichaka hakina masharti hayo. Konda hutangaza dakika tano, wanaume hushika upande mmoja na wanawake mwingine, na pori la Singida hupata rutuba ambayo hakuna ofisi ya kilimo iliyoipangia bajeti.

Rutuba hiyo huleta ajira, na mwajiriwa mkuu ni nzi. Yupo nzi aitwaye Musca sorbens, ambaye hupenda kutaga katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, kisha hufuata unyevu wa macho ya watoto. Shimo la choo lenye mfuniko humnyima uzazi. Kichaka humpa familia kubwa. Yeye, pamoja na vidole vichafu na kitambaa kimoja cha kupangusia nyuso za ndugu wote, ndio wasafirishaji wa vikope, yaani trakoma, ugonjwa ambao mikoa ya kati, Singida na Dodoma, imeufahamu kwa vizazi. Bakteria wake hawapofushi kwa pupa. Humrudia mtoto mara kwa mara kwa miaka, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu na kujikunja, kope hugeukia ndani na kukwaruza mboni kila anapopepesa. Giza huja ukubwani, wakati hakuna tena anayemkumbuka nzi. Wanawake huumia zaidi kwa kuwa wao ndio wanaolea watoto. Utafiti uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba kuwaosha watoto nyuso, kukiongezewa matibabu, hupunguza trakoma kali. Hiyo ni habari mbaya sana kwa nzi, na heri yake ni kwamba haijatangazwa kwenye mabasi.

Upepo na maziwa nayo yana sehemu yao. Singida husifika kwa upepo kiasi kwamba umekuwa ukipangiwa mitambo ya kufua umeme, lakini kabla ya mitambo ulikwisha kupata kazi ya kusambaza taka. Mpaka tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, miiba ya pembezoni mwa barabara ilikuwa imevikwa rambo za rangi zote. Marufuku ile iliupunguzia upepo mzigo, ingawa chupa bado zipo. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, yaliyo mjini kabisa, ni ya magadi, hayana kina kirefu wala mto unaotoka. Yanachopokea hayapeleki kwa mwingine. Heroe wanaofika hapo kula hawajaulizwa maoni yao.

Uimara wa uchafu huu hupimwa kwa mapambano uliyoyashinda. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kote nchini, wakiwa katika vikundi vilivyosikiliza redio, kusoma vijitabu na kisha kuchimba vyoo. Lilikuwa pigo kubwa kuliko yote, na ni haki kukiri kwamba uchafu ulirudi nyuma. Kipindupindu kilichoikumba nchi mwishoni mwa miaka ya 1970 kikaonyesha kwamba umerejea. Kilipozuka tena Agosti 2015 na kutapakaa mikoa mingi, Rais Magufuli aliondoa gwaride la Uhuru la tarehe 9 Desemba na kuagiza watu wafanye usafi. Mifagio ilionekana kila mahali siku hiyo. Baadaye ikaja kampeni ya Nyumba ni Choo, na mwaka 2020, kwa hofu ya korona, ndoo za kunawia zilipangwa milangoni mwa kila ofisi, duka na stendi. Hofu ilipoisha nyingi zilikauka, koki zikang'oka, na baadhi zikahamia majumbani, ambako zinatunzwa vizuri.

Iliyobaki ni sheria. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009 inawapa maofisa wa afya mamlaka ya kukagua, kuamuru na kushtaki, na halmashauri zina sheria zao ndogo juu ya taka na mikojo. Raia, bila kusubiri ofisa, huandika sheria yake ukutani kwa rangi nyekundu: usikojoe hapa, faini elfu hamsini. Haielezwi faini hiyo hulipwa kwa nani, wala risiti hutolewa wapi. Maandishi hayo kwa kawaida hupakwa juu ya usawa wa kiuno, kwa kuwa chini yake rangi haishiki.