Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mfumo wa Miadi

Kwa Mheshimiwa Mfumo wa Miadi na Rufaa,
Popote ulipowekwa, Maskati au mawinguni.



Madhumuni ya kukuandikia waraka huu kwanza ni kukujulia hali, maana mara ya mwisho nilipokuja niliambiwa umeanguka, tukakaa kwenye viti tukingoja uinuke. Ama mie hapa Samad Ash Shan, Omani, sijambo kabisa, na hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Miaka mingi nyuma nilipasuliwa tumbo kwa sababu ya kidole tumbo kilichopasukia ndani. Walioniokoa usiku ule nawaombea dua mpaka leo. Lakini tumbo likishafunguliwa hupona kwa namna yake. Katika kila watu kumi waliopasuliwa, takriban tisa hubaki na makovu ya ndani, nyuzi na utando unaogandisha utumbo kwa utumbo au utumbo kwa ukuta wa tumbo. Wengi huishi nayo hadi kufa kwao bila kujua. Wengine, akiwamo mtumishi wako huyu, utumbo wao mwembamba, wenye urefu wa kiasi cha mita 6, hunasa kwenye uzi kama huo na njia ikafunga. Hakishuki chakula, hayashuki maji, hautoki upepo. Maumivu huja na kuondoka kwa mawimbi, tumbo linavimba, kisha matapishi: kwanza cha jana, halafu kijani. Siku mbili tatu, Mungu akijaalia, njia hufunguka yenyewe, nikarudi nyumbani mzima, mpaka siku nyingine isiyojulikana tarehe.

Hapo kwenye tarehe ndipo tunapokosana mie na wewe.

Wewe hunipangia Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, miezi kadhaa mbele. Jumanne ikifika, naingia kwa miguu yangu, dishdasha imepigwa pasi, tumbo laini kama la mtoto. Daktari analibonyeza, linakubali. Picha ni safi, kwa sababu makovu haya kwa kawaida hayaonekani kwenye eksirei wala kwenye skani. Kinachoonekana ni kuziba, tena siku ya kuziba. Basi unaandika kuwa mgonjwa hana tatizo, na faili linafungwa. Usiku wa Alkhamisi linafunga tumbo. Naomba uniongoze, Mheshimiwa: nijitahidi kuziba Jumanne?

Usiku huo hunijui. Nafika kwenye dharura nimejikunja, na daktari kijana aliyeanza zamu jana ananiuliza nimekula nini. Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kiliamua kuwa ni gesi, kikanipa dawa ya kuharisha. Mwenye kujua anajua maana ya kusukuma kwa nguvu kitu kilichoziba upande wa pili. Maelezo yote ya nyuma yamo ndani mwako, Mheshimiwa, sina shaka, lakini yamekaa kwenye ukurasa unaofunguka kwa idhini ya idara nyingine, na idara hiyo hufunga saa nane mchana.

Kisha huja mpira wa puani. Kidevu kifuani, funda la maji mdomoni, na muuguzi kutoka Kerala anasukuma kila ninapomeza. "Meza, meza, baba!" Kiswahili hicho amekiokota kwa wazee wa huku waliorudi kutoka Unguja, na kwa kazi yake kinamtosha. Mpira ukifika, kijani kinaanza kushuka kwenye mfuko pembeni ya kitanda, na maumivu yanapungua kidogo. Dripu mkononi, hakuna kula wala kunywa. Baadaye hupitishwa kwenye mpira dawa inayong'aa kwenye picha. Ikionekana imefika utumbo mpana ndani ya saa 24, basi uwezekano mkubwa njia itafunguka bila kisu. Na kisu wapasuaji wenyewe wanakiogopa katika maradhi haya, kwani kila wakikata uzi mmoja, mkato mpya huweza kuzaa nyuzi nyingine.

Halafu tunangoja upepo. Mheshimiwa, mie ni mtu mzima, nimelelewa Mji Mkongwe, na mama yangu angenifinya kwa kulitaja jambo hili mbele za watu. Lakini kwenye wodi ile, daktari bingwa, wanafunzi wake, muuguzi, mke wangu, na jirani wa kitanda cha pili ambaye hata hatujuani, kila asubuhi wote wananiuliza kwa sauti kama nimetoa hewa. Siku nilipojibu ndiyo, yule jirani alisema alhamdulillah kabla yangu. Sijawahi kufanikisha jambo maishani likashangiliwa namna ile.

Wala sisemi kwamba balaa hili ni lako. Kwa miaka mingi glavu za wapasuaji zilipakwa unga wa wanga ili mkono uingie kwa wepesi, na unga huo ukibaki tumboni huchochea makovu hayahaya. Marekani ilipiga marufuku glavu za unga mwaka 2017, wakati madaktari walikuwa wamelipigia kelele jambo hilo miongo kadhaa. Kwa hiyo najua kuwa taasisi hazikurupuki. Nchi hii nayo siilalamikii. Mwaka 1970 ilikuwa na hospitali mbili tu, na mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani likaiweka ya 8 duniani kwa ubora wa mfumo wa afya. Vitanda vipo, madaktari wapo, kisu kipo. Kilichokosekana ni mtu wa kukumbuka.

Tazama Waskoti. Waliwachukua watu karibu 30,000 waliopasuliwa tumbo au ndani ya fupanyonga mwaka 1986, wakafuata mafaili yao miaka 10. Zaidi ya theluthi moja walirudishwa hospitali, kwa wastani mara mbili, kwa mambo yanayohusiana au yanayoweza kuhusiana na makovu hayo. Walijuaje? Kila aliyerudi, faili lake la zamani lilitambulika kuwa ni lake.

Hata hapa Samad mbona tunaweza? Falaji yetu, mfereji wa maji wa mji, haimo katika zile tano zilizoingizwa UNESCO mwaka 2006, lakini ina wakili wake, na maji yakipungua usiku hatumwombi miadi. Anajua mahali palipoziba mwaka wa mafuriko, anajua mawe ya wapi hulegea, na huwapeleka watu palepale na majembe.

Na makaburi je? Wajerumani kutoka Bochum walikuja miaka ya 1980 kuchimba makaburi ya kale ya Samad, na mwaka 2001 mwanaakiolojia Paul Yule akachapisha kitabu kizima kuyahusu. Humo kila maiti ana namba, na imeandikwa alilazwa ubavu gani. Watu wa zama za chuma wa mji huu wana rekodi bora kuliko yangu, na wao hawaumwi.

Nyumbani najitahidi. Chungwa nalila kwa ustaarabu wa Unguja: namenya kwa kisu, nakata kofia, nafyonza maji, nyama naacha. Daktari aliponikataza nyuzi za matunda nilimwambia bibi yangu alishanifundisha. Boko boko hainipi tabu, na nyama ya shuwa ya Idi, iliyolala shimoni mpaka ikawa laini, natafuna polepole. Tabu yangu ni tende. Huku huwezi kuingia kwa mtu ukakataa tende na kahawa, basi nachukua moja, naimenya ngozi chini ya meza, na mwenye nyumba anajifanya haoni.

Sasa ombi langu, lisilohitaji bajeti. Nimeandika ukurasa mmoja kwa Kiarabu. Unasema nilipasuliwa nini na wapi. Kwamba utumbo huziba na kufunguka. Waanze na mpira, dripu na ile dawa ya picha. Wasinipe cha kuharisha. Wamwite mpasuaji aniangalie tangu mwanzo hata kama hatanipasua. Mwisho nimeandika kwa wino mwekundu: nikiwa na homa, tumbo limekakamaa, au maumivu yameacha mawimbi yakawa hayakatiki, wasingoje njia ifunguke, kwa kuwa huenda utumbo unakosa damu.

Nilimpa karani aubandike juu ya faili langu. Akanijibu kwa adabu kwamba Mfumo hauna mahali pa kubandika.

Basi, mpaka utakapojaaliwa kuwa na mahali, nakala moja iko mfuko wa ndani wa dishdasha yangu. Nyingine anayo mke wangu kwenye mkoba, maana mie ninapotapika yeye ndiye anayeulizwa. Ya tatu naiambatanisha hapa. Miadi ya Jumanne nitakuja, inshallah, nikiwa mzima.

Wako mtiifu,
Mgonjwa asiye na tatizo,
Samad Ash Shan.