Ombi la Kichungi

Kwa Wakuu wa Idara za Ustawi wa Wafanyakazi,
Kampuni za Akili Unde na Mawakala Wao.

KUH: KICHUNGI KWA MATUMIZI YA WAFANYAKAZI

Waheshimiwa,

Mwandishi wa barua hii anaanza kwa pongezi, maana si adabu kubisha hodi na kudai papo hapo. Mashine mlizoziingiza sokoni zimelelewa. Zikiulizwa jambo la kinyama hukataa kwa upole na kuomba radhi. Wazazi wengi wangetamani watoto wa namna hiyo.

Sehemu ya malezi hayo ilifanyika Nairobi. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi OpenAI, wenye ChatGPT, walivyoipa kampuni ya Sama kazi ya kuainisha maandishi machafu ili kichungi cha kuyazuia kipatikane. Mfanyakazi yuko mbele ya kompyuta. Kipande kinatokea: mtoto anadhulumiwa, mtu anateswa, mwingine anajiua. Anakisoma, kwani haainishi asichokisoma. Anabandika lebo, anabofya, kingine hicho. Waliohojiwa walitaja vipande 150 hadi 250 kwa zamu ya saa tisa. Sama ikasema ni 70. Kwa hesabu ya 250, ni kipande kimoja kila dakika mbili na ushei, hapo hajaenda msalani.

Mkataba ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa. Mfanyakazi alifika nyumbani na kati ya dola 1.32 na 2 za saa hiyo. Sama ilifafanua kwamba kiasi kile kilibeba gharama zote, miundombinu ikiwemo. Basi miundombinu ilishiba.

Ustawi nao haukusahauliwa, hilo lazima lisemwe. Washauri nasaha walikuwepo. Ila wafanyakazi wanne walioongea na Time walisema vikao vilikuwa adimu na havikuwafaa, kwa kuwa kazi ilitakiwa kwa wingi na kwa haraka. Sama ilikana, ikasema milango ilikuwa wazi. Kwa maelezo ya wafanyakazi, mlo uliandaliwa vizuri, tatizo mlaji alikuwa zamu.

Wenzao waliochuja picha na video za Facebook jijini humo walipimwa na Dkt. Ian Kanyanya wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Desemba 2024 ilibainika kwamba ripoti zake zilizowasilishwa mahakamani ziliwakuta zaidi ya 140 na maradhi ya kiwewe.

Ombi lenyewe ni dogo: kichungi ambacho waainishaji walisaidia kukijenga kiwekwe kwenye kompyuta zao, kiwakinge wao kama kinavyomkinga mteja wa San Francisco. Mtajibu kuwa haiwezekani, kikishachuja hakutabaki cha kuainisha. Sawa. Basi punguzeni vipande, ongezeni dola, na daktari alipwe hata mkataba ukiisha. Ule wa OpenAI ulikatizwa Februari 2022, miezi minane kabla ya wakati wake; jinamizi halikupewa barua ya kuachishwa kazi.

Majibu yatumwe Nairobi. Huko, Mei Mosi 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 waliohudumia Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana wakapiga kura kuunda chama chao. Mkutano huo ulikuwa kikao cha pamoja walichojiitia wenyewe.