Chai ya Posa na Macho Manne

Makopo yote ya jikoni kwetu Tanga yalipoteza majina yake siku moja ya likizo. Ni makopo ya maziwa ya unga aliyoyaweka akiba mama mkwe wangu miaka nenda rudi, kila moja na karatasi yake: sukari, chumvi, iliki, mdalasini, hamira, binzari. Nilirudi kazini jioni nikakuta karatasi zimebanduliwa na mahali pake pamebandikwa michoro ya macho, manne kwa kila kopo, mengine yamefumbuliwa na mengine yamefumbwa. Wanangu wawili walikuwa sakafuni na selotepu yao, na bibi yao katikati, anafundishwa.

Chanzo kilikuwa mzigo wa vitabu alioleta mjomba wao alipokuja kututembelea kutoka Marekani. Ni vitabu vya hadithi vinavyowafunza watoto kuandika programu za kompyuta, na waliovitunga wameficha humo mafumbo na utani wa watu wa kazi hiyo.

Cha kwanza kusomwa kilikuwa Hello Ruby, cha Linda Liukas wa Finland, kilichochapwa kwa Kiingereza mwaka 2015 baada ya umma kuchangia fedha za kukitoa. Mume wangu, ambaye riziki yake iko kwenye kompyuta, alikisoma huku anacheka. Ruby, msichana wa hadithi, amebeba jina la lugha ya programu iliyotolewa na Mjapani Yukihiro Matsumoto mwaka 1995. Pengwini wa humo ni nembo ya Linux, mfumo ulioanzishwa na Mfini mwingine, Linus Torvalds, mwaka 1991. Chui wa theluji ana jina la mfumo wa kompyuta za Apple uliotoka mwaka 2009. Na Django, mhusika mwingine, ana jina la zana ya kujengea tovuti, ambayo nayo iliitwa hivyo kwa heshima ya mpiga gitaa Django Reinhardt.

Watoto walimsikiliza baba yao kwa adabu mpaka mwisho. Kisha kitinda mimba akauliza, "Sasa baba, sisi tungejuaje?"

Swali hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu ndilo linalotenga fumbo la haki na fumbo la kujuana. Sisi tumelelewa na vitendawili. Anayetegewa kile cha nyumba isiyo na mlango anaweza kushindwa na kutoa mji, lakini jibu lake alikwisha kulishika mkononi: ni yai. Hakuna anayehitaji kuwa amefanya kazi ofisi fulani au kununua mashine fulani. Chui wa theluji si hivyo. Uwe na akili za namna gani, kama hukuambiwa hukumjua. Sisemi kitabu ni kibaya, maana hadithi ya Ruby inasomeka vizuri bila kujua lolote kati ya hayo, na mzazi anayeyatambua anapata sababu ya kusoma kwa furaha. Ila utani ule ni salamu ya watu wazima wao kwa wao, inayopita juu ya kichwa cha mtoto.

Kitabu kilichotuingiza matatani kilikuwa Secret Coders, hadithi ya picha ya Gene Luen Yang, michoro ya Mike Holmes, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka nayo mwaka 2015. Yang aliwahi kufundisha kompyuta sekondari, na ualimu wake unaonekana. Salamu za watu wazima zimo: msichana mkuu anaitwa Hopper, kama Grace Hopper, mwanajeshi wa majini wa Marekani aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa fani ya programu. Zimo pia roboti za kobe zinazokumbusha Logo, lugha ya watoto iliyoundwa mwaka 1967 na Seymour Papert na wenzake. Lakini kiini cha kitabu ni kitu kingine. Shuleni kwa Hopper kuna ndege wa ajabu wenye macho manne, na namba 9 inajirudia kila mahali. Ndege akipata namba hiyo, anafumbua macho mawili ya pembeni na kufumba mawili ya katikati.

Msomaji hahitaji kumjua mtu yeyote ili alifumbue fumbo hilo. Jicho la kwanza kushoto lina thamani ya 8, linalofuata 4, kisha 2, kisha 1. Lililofumbuliwa huhesabiwa, lililofumbwa huachwa. Nane na moja ni tisa. Ndivyo kompyuta inavyohesabu, kwa sifuri na moja tu. Binti yangu, kifungua mimba, aliling'amua kwa sarafu alizozipanga sakafuni, bila msaada wa baba yake, na akapiga kelele hadi majirani wakauliza kuna nini. Kwa macho manne unaandika kila namba kutoka sifuri hadi 15, na jikoni kwetu makopo hayafiki hapo. Basi kila kopo likapewa namba: sukari 1, mdalasini 6, chumvi 8, iliki 9.

Bibi ndiye mpishi mkuu wa nyumba, kwa hiyo ilibidi afundishwe. Walimkaririsha "nane, nne, mbili, moja" mpaka akaishika kama alivyoshika masomo ya chuoni utotoni. Wakamjaribu kwa kopo la iliki, akapata. Wakamjaribu kwa mdalasini, akapata. Watoto wakasema bibi amefaulu.

Mtihani wenyewe ulikuja jioni ya posa ya wifi yangu. Wazee wa upande wa bwana harusi waliingia baada ya magharibi, na hazikupita dakika nyingi umeme ukakatika. Bibi alikataa kusaidiwa, kwa kuwa chai ya posa ya binti yake ataipika mwenyewe. Kwa mwanga wa taa ya chemli alipapasa makopo, akasoma macho yake, akatia kimoja baada ya kingine. Harufu ya iliki na mdalasini ilijaa nyumba nzima. Vitumbua vikatangulia, chai ikafuata.

Mzee wa kwanza alipiga funda, akakaa kimya. Wa pili alipiga funda, akamwangalia wa kwanza. Mshenga, ambaye kazi yake ni kusema, ndiye aliyesema: "Mama, chai yenu ina viungo vizuri sana. Ila sukari imechelewa, na chumvi imewahi."

Wifi yangu alikimbilia chumbani. Mume wangu akaomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Kitinda mimba alianza kulia, kwa kuwa yeye ndiye aliyechora macho ya sukari. Bibi hakuomba radhi. Alisimama akaleta makopo mawili, akayaweka mbele ya wageni na kusema, "Mimi nimesoma sawasawa. Nionyesheni nilipokosea."

Kopo la sukari lilikuwa na jicho moja tu wazi, la kulia kabisa. Bibi akaweka kidole hapo hapo na kuanza: "Nane." Sote tukaelewa kwa pamoja. Kusoma kwake kulianzia chuoni, katika herufi za Kiarabu, na mkono wake huanzia kulia. Kwake yeye sukari ilikuwa 8 na chumvi ilikuwa 1. Iliki na mdalasini hazikumsumbua kwa kuwa 9 na 6 zina macho yanayofanana kutoka pande zote mbili. Walimu wake walimpima kwa namba ambazo haziwezi kumwonyesha mtu kama amekosea upande.

Hapo chai ikasahaulika. Mume wangu aliwasimulia wageni kuwa ugomvi huo huo uliwahi kuwagawa wahandisi. Tarehe 1 Aprili 1980 mtaalamu wa kompyuta Danny Cohen alitoa andiko kuhusu kompyuta zinazotuma namba kwa kuanza na upande mdogo na zile zinazoanza na upande mkubwa. Majina ya kambi hizo mbili aliyachukua katika Gulliver's Travels, kitabu cha Jonathan Swift cha mwaka 1726, ambamo Lilliput na Blefuscu wanapigana vita kwa sababu ya upande gani wa yai uvunjwe. Wataalamu wanayatumia majina hayo mpaka leo. Mzee mmoja, aliyekuwa mwalimu wa chuo, alifurahi sana, akasema Waarabu nao hutamka tano na ishirini, mdogo kwanza.

Neno la mzee huyo ndilo lililompa binti yangu ufumbuzi. Alipiga magoti mbele ya bibi yake. "Bibi, usianze na nane. Anza kulia kama ulivyozoea, ila sema moja, mbili, nne, nane." Bibi akaweka kidole kwenye kopo la sukari: "Moja." Akahamia la chumvi: "Moja, mbili, nne, nane. Nane." Mkono wa bibi haukuwa na kosa tangu mwanzo. Mpangilio wa kukariri ndio ulioanzia upande usio wake. Watoto wakaendelea kuanza kushoto na nane, bibi kulia na moja, na namba zikabaki zile zile kwa wote.

Chai nyingine ilipikwa, posa ikapokewa, na harusi ikafanyika. Karatasi zenye majina zimerudi kwenye makopo, chini ya macho.

Kwa hiyo nina neno kwa wenzangu wanaotaka kuwaandikia watoto wetu vitabu vya kompyuta kwa Kiswahili, na naomba wawepo wengi. Ficheni mambo ndani ya hadithi, kwa maana mtoto hurudia kitabu chenye siri. Ila siri hizo zisiwe majina ya watu na mashine ambazo mtoto wa Muheza au Kigoma hana pa kuzijulia. Ficheni kanuni ya kweli, iliyo wazi kwa yeyote mwenye sarafu nne na subira. Siri ya namna hiyo inaweza kuwagombanisha watu wa nyumba kwa jioni moja, lakini mtoto anaifungua mwenyewe, na akishaifungua ana cha kumfundisha bibi yake.